Kutoka Kigoma hadi chuo cha Kanada kusomea kompyuta na mitandao: karatasi, pesa na mazoezi ya mkono

Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kwenda Kanada kusomea mifumo ya kompyuta na mitandao ana kazi mbili za kufanya kwa wakati mmoja: kukusanya karatasi na kuzoesha mikono. Wengi hushughulika na ya kwanza tu, tena wamechelewa. Hapa tumechukua jimbo la Ontario kuwa mfano, kwa kuwa vyuo vyake vingi vya umma hufundisha kozi hii kwa majina na mpangilio unaofanana. Masharti tunayoyataja ni ya mwaka 2025. Viwango vya pesa hupandishwa mara kwa mara, hivyo kabla ya kulipa chochote fungua tovuti ya idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC, ujisomee mwenyewe. Usitegemee picha ya skrini iliyozunguka WhatsApp.

Kozi na chuo

Kozi ya miaka miwili, yaani mihula minne, huitwa Computer Systems Technician – Networking. Ile ya miaka mitatu huitwa Computer Systems Technology. Zote mbili hufundisha ruta na swichi, seva za Windows na Linux, usalama wa mtandao na ukarabati wa kompyuta zenyewe. Tofauti ni kina, na mwaka mzima wa ada. Kwa mwanafunzi wa kigeni ada ya mwaka huwa kwa kawaida kati ya dola 15,000 na 20,000 za Kanada, kwa hiyo mwaka wa tatu uwe na sababu.

Chagua chuo cha umma, na usome kwenye kampasi yake mwenyewe. Vipo vyuo binafsi vinavyofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa makubaliano, na cheti hutoka na jina la chuo cha umma. Tatizo ni kwamba wanaoanza sasa kwenye kampasi za namna hiyo hawapati kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu. Aliyemaliza kozi ya miaka miwili kwenye chuo kinachostahili anaweza kupewa kibali cha hadi miaka mitatu, ila kwa wahitimu wa vyuo hivi kuna masharti mengine: kozi iwe kwenye orodha ya fani zinazokubaliwa, na Kiingereza kifike kiwango cha 5 cha vipimo vya Kanada. Orodha hiyo hubadilishwa. Kila kozi ina namba ya fani yenye tarakimu sita. Iombe chuoni kwa barua pepe, kisha uitafute kwenye orodha.

Barua pepe za vyuo hujibiwa saa za kazi za kule. Majira ya joto, saa tisa alasiri Kigoma ni saa mbili asubuhi Toronto; majira ya baridi inakuwa saa kumi jioni. Mahojiano ya mtandaoni yakipangwa mwezi wa tatu au wa kumi na moja, hakikisha saa upya, maana ndiyo miezi wanayosogeza saa zao.

Kwa sifa za kuingia, cheti cha Kidato cha Sita chenye hisabati ndicho chenye maswali machache. Mwenye stashahada ya NTA ngazi ya 6 anaweza kuomba pia, na wakati mwingine akasamehewa baadhi ya masomo, lakini hilo huamuliwa chuo kikiwa kimeona maelezo ya kila somo alilosoma. Matokeo peke yake hayatoshi. IELTS, yaani mtihani wa Kiingereza, ya wastani wa 6.0 inakubalika katika kozi nyingi za stashahada, na matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiharakie kuufanya mtihani huo kabla hujajua mwaka unaoomba.

Jina moja kila mahali

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha Baraza la Mitihani na pasipoti kama unayo. Soma majina herufi kwa herufi. Juma Hamisi kwenye cheti kimoja na Juma Khamis kwenye kingine ni watu wawili mbele ya karani asiyekujua. Anza kurekebisha hapo, kwa sababu kila hatua inayofuata hunakili kosa hilo na kulipeleka mbele. Cheti cha shule ndicho kigumu kubadilishwa, hivyo mara nyingi ni rahisi kuzirekebisha karatasi nyingine zikifuate, kwa hati ya kiapo ya jina iliyosajiliwa.

Pasipoti ya kielektroniki huombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisini. Gharama yake ni shilingi 150,000. Huulizwi cheti chako peke yake, huulizwa na cha mzazi, au kiapo cha kuzaliwa kwake. Kwetu mpakani maswali ya uraia huwa mengi kuliko bara, hasa kwa familia ambazo babu alitoka ng'ambo ya ziwa au Manyovu kwa juu. Usichukulie kama tusi. Nenda na cheti cha mzazi, kitambulisho chake, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na kama mzazi hana cheti, kakate cha kwake RITA mapema. Hapa ndipo miezi inapoliwa bila mtu kujua. Kwa muhula wa Septemba, kazi ya majina na pasipoti ianze Septemba ya mwaka uliotangulia.

Pesa inayoonekana

Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, mwombaji anayekwenda peke yake, nje ya Quebec, anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za Kanada kwa ajili ya kuishi mwaka mmoja. Juu yake kuna ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Ada ikiwa 17,000, unatafuta ushahidi wa dola 39,895 kabla ya tiketi. Ikiwa sehemu ya ada umeshalipa, risiti ya chuo inahesabika.

Kuwa na pesa ni jambo moja, na pesa kuonekana ni jambo lingine. Mzazi anayefanya biashara ya dagaa Kibirizi au mawese Mwandiga anaweza kuwa na mtaji mkubwa kuliko mtumishi mwenye mshahara, lakini mtaji huo uko kwenye magunia, kwenye simu, kwa wadeni na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Afisa anayesoma maombi anaona karatasi tu. Anataka taarifa za benki za miezi minne iliyopita, na kinachomtia shaka ni akaunti iliyokuwa na laki tatu halafu ikaingiziwa milioni arobaini wiki moja kabla ya maombi. Hata pesa hiyo ikiwa halali kabisa, yeye ataiona ya kuazima.

Dawa yake ni kuanza kupitisha mauzo benki mapema, angalau miezi sita kabla. Kila wiki mauzo yaingie, manunuzi yatoke, salio lipande kidogo kidogo. Ambatisha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, hati ya kutodaiwa kodi kutoka TRA, na risiti za mashine pale zilipo. Kama shamba au kiwanja kimeuzwa ili kusomesha, weka mkataba wa mauzo wenye saini za mashahidi na muhuri, na taarifa ya benki inayoonyesha kiasi kile kile kikiingia siku ile ile au ya jirani yake. Kiasi cha kwenye mkataba kikitofautiana na cha benki, eleza salio lilienda wapi.

Biashara ya ziwa ina jambo lake. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika, kwa hiyo akaunti ya mfanyabiashara hupanda na kushuka kila mwezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtu wa Ottawa hajui hayo. Akiona wiki kumi na tatu za ukimya kwenye akaunti atadhani biashara imekufa. Barua ya nusu ukurasa kutoka kwa mfadhili, inayotaja tarehe za kufungwa ziwa na anachouza kipindi hicho, humaliza swali kabla halijaulizwa.

Karatasi zilizo kwa Kiswahili, kama mikataba na barua za mtendaji, lazima ziwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. BAKITA hutoa huduma hiyo. Usijitafsirie mwenyewe, na usimpe ndugu yako hata kama ni mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu tafsiri ya mwanafamilia haikubaliwi.

Kuhusu mawakala: Kanada inawaruhusu kulipwa kwa kazi ya vibali mawakili wao na washauri waliosajiliwa tu, na majina yao unaweza kuyatafuta mtandaoni. Anayekuahidi kibali ni mwongo, kwani hakuna anayeweza kukiahidi. Barua ya kughushi haifiki mbali pia: tangu Desemba 2023 IRCC huuliza chuo chenyewe kama barua ya udahili ni yake.

Wiki moja Dar es Salaam

Baada ya kulipa amana ya ada, chuo hukuombea barua ya uthibitisho ya jimbo, ile inayoitwa PAL. Bila hiyo maombi ya kibali cha masomo hurudishwa. Ukishakuwa nayo pamoja na barua ya udahili, ndipo safari ya Dar ina maana. Kwa reli ya kati kutoka Kigoma ni kilomita zipatazo 1,250, na treni ikichelewa miadi haikusubiri. Fika siku mbili kabla.

Kazi zote za Dar zinaweza kubanwa ndani ya wiki moja zikipangwa hivi. Skani kila kitu ukiwa bado Kigoma, kwenye steshenari yenye mashine nzuri, kwa nukta 300, na unganisha kurasa za aina moja kuwa faili moja la PDF lisilozidi megabaiti 4, kwa kuwa mfumo wa maombi hukataa faili kubwa kuliko hapo. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole isiwemo. Jumatatu nenda kwa daktari aliyeteuliwa na IRCC; unaruhusiwa kupimwa kabla ya kuomba, naye atakupa karatasi yenye namba ya vipimo. Jumanne pakia karatasi hiyo pamoja na nyingine, lipa dola 150 za kibali na 85 za alama za vidole, kisha tuma. Barua ya kukuita kwenye alama za vidole huja kwenye akaunti yako, kwa kawaida haraka, na unakuwa na siku 30 za kuitimiza. Weka miadi kituo cha VFS, kampuni inayochukua alama hizo kwa niaba ya Kanada, nenda na pasipoti yenyewe na barua hiyo iliyochapishwa. Alama hizo hutumika miaka 10.

Mambo mawili madogo huharibu wiki hiyo. La kwanza ni kadi ya benki ambayo haijafunguliwa malipo ya mtandaoni au yenye kikomo cha chini cha siku. Malizana na benki yako kabla ya kusafiri. La pili ni namba ya chuo kwenye fomu. Namba hiyo huanza na herufi O, wala si sifuri, na ukiandika sifuri fomu haitaitambua.

Barua ya kueleza mpango wa masomo iwe ukurasa mmoja, isizidi miwili. Ieleze ulichosoma, kwa nini kozi hii inafuata kutoka pale, kwa nini hukuisoma hapa nchini, na kazi gani unaiona mbele yako. Kama una miaka miwili isiyo na shule, itaje na useme ulikuwa ukifanya nini. Kusimamia duka la simu Mwanga ni jibu zuri kuliko ukimya.

Mikono kabla ya kozi

Kibali kikishughulikiwa una miezi mitatu au minne. Muhula wa kwanza huenda kasi, na wanaoanguka huangukia sehemu mbili: kugawa anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na kazi za maabara zinazopimwa kwa saa. Zote mbili unaweza kuzifanyia mazoezi hapa hapa Kigoma.

Anza na waya. Nunua mita 10 za kebo ya Cat5e au Cat6, vichwa 20 vya RJ45, koleo ya kukrimpu, yaani ya kubania vichwa hivyo, na testa ya taa nane. Kwanza kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inauzwa sana kwa kuwa ni nafuu. Kwa mazoezi itafaa, ila ukiikunja mara kadhaa hukatikia ndani, na kamera inayopewa umeme kupitia waya huo itakusumbua.

Menya gamba sentimita 3, nyoosha nyaya, zipange kwa mpangilio wa T568B kutoka kushoto, pini zikikutazama na ulimi wa kichwa ukiwa nyuma: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate zibaki milimita 12 hivi. Sukuma mpaka uone shaba nane zimegusa ukuta wa mbele wa kichwa, na gamba la kebo limeingia chini ya kile kibano cha nyuma. Gamba likibaki nje, waya utashika leo na kuchomoka wiki ijayo.

Kosa linalodanganya zaidi ni la mtu anayepanga rangi kwa mfuatano wa jozi, chungwa na jozi yake, kijani na jozi yake, buluu, kahawia, bila kuitenganisha jozi ya kijani iende pini ya 3 na ya 6. Akifanya hivyo pande zote mbili, taa za testa zitawaka moja hadi nane bila tatizo, maana testa hiyo hupima kama umeme unapita tu. Lakini pini za 3 na 6 sasa zimetoka jozi mbili tofauti, msokoto uliokuwa unazuia kelele haufanyi kazi yake, na waya wa mita 40 utatoa mtandao wa kusuasua. Jambo lingine la kuchunguza: kasi ya megabiti 100 hutumia pini za 1, 2, 3 na 6 pekee, huku gigabiti ikitaka zote nane. Kompyuta mpya ikigoma kuvuka 100, kwanza kagua jozi ya buluu na ya kahawia. Urefu wote wa waya wa shaba usizidi mita 100.

Sasa anwani. Chukua mfano wa shule ya sekondari Kasulu iliyopewa 192.168.10.0/24, yaani anwani 256 kuanzia .0 hadi .255. Maabara ina kompyuta 50, chumba cha walimu 25, utawala 10, na kiungo kati ya ruta mbili kinataka anwani 2. Panga kuanzia kundi kubwa. Kompyuta 50 zinahitaji kitalu cha 64, yaani /26: kutoka .0 hadi .63, zinazotumika ni .1 hadi .62. Walimu 25 wanachukua kitalu cha 32, /27: .64 hadi .95. Utawala kitalu cha 16, /28: .96 hadi .111. Kiungo kitalu cha 4, /30: .112 hadi .115, na zinazotumika ni .113 na .114. Anwani ya kwanza ya kila kitalu ni jina la mtandao na ya mwisho ni ya tangazo kwa wote, ndiyo maana kila mara unapoteza mbili.

Kwa nini kubwa kwanza? Kwa sababu kitalu huanzia kwenye kizidisho cha ukubwa wake tu. Ukikipa kiungo .0 hadi .3, maabara haiwezi kuanzia .4, italazimika kurukia .64, na unabaki na matundu katikati. Fanya mifano mitatu ya aina hii kila siku kwa kalamu, bila kikokotoo, mpaka kila mmoja uumalize kwa dakika tano.

Kwa ruta na swichi, programu ya Packet Tracer ya Cisco, inayoigiza vifaa hivyo kwenye skrini, hupatikana bure ukijisajili kwenye Networking Academy. Jenga huo mtandao wa shule ndani yake. Mwanzoni utaandika amri vibaya na skrini itaganda kwa muda ikiandika Translating. Kifaa kinadhani umetaja jina la kompyuta na kinalitafuta. Amri ya no ip domain-lookup huondoa kero hiyo. Ukimaliza andika copy running-config startup-config, kwa sababu mipangilio inayofanya kazi hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa. Aliyekulia kwenye umeme wa kukatika-katika hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Kwenye vifaa halisi chuoni utaunganisha waya wa konsoli, ule wa kuandikia amri moja kwa moja kwenye kifaa, kwa programu kama PuTTY, kasi 9600, biti 8, biti moja ya kusimama, bila pariti. Skrini ikitoa herufi za ajabu, karibu kila mara kasi ndiyo imekosewa. Kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254, usihangaike na intaneti: imekosa seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, na unaanza kutafuta kwenye waya, halafu VLAN, yaani kundi la mtandao ambalo mlango ule wa swichi umewekwa.

Laptopu na siku za mwanzo

Laptopu ya kozi hii iwe na RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512. Utaendesha kompyuta pepe, yaani zinazoigizwa na programu ndani ya laptopu yako, mbili au tatu kwa pamoja, seva ya Windows na Linux, na kila moja hula GB 2 hadi 4. Hakikisha kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kipengele cha VT-x au AMD-V kimewashwa. Kikiwa kimezimwa, VirtualBox, programu ya kuendeshea kompyuta hizo pepe, itakataa kufungua mashine za biti 64. Kompyuta za Apple zenye chipu za M ni nzuri, ila hazifai hapa, kwani mashine pepe nyingi za maabara zimetengenezwa kwa Intel. Chaja iliyoandikwa 100–240V itatumika kule kwenye volti 120 kwa kubadilisha plagi tu. Pasi ya nguo ya volti 230 iache nyumbani.

Barua utakayotumiwa baada ya kukubaliwa bado si kibali. Kibali huchapishwa uwanja wa ndege unapoingia Kanada. Kabla hujaondoka pale dirishani soma jina, tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni urefu wa kozi na siku 90 za ziada, na mstari unaoruhusu kazi nje ya chuo. Kikomo ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Mstari huo ukikosekana, omba urekebishwe hapo hapo, kwa sababu bila huo hupati SIN, namba ya mfanyakazi ya tarakimu tisa, na bila SIN hakuna mwajiri atakayekulipa.

Mazoezi yako yote ya kuchunguza mitandao yabaki ndani ya mashine pepe. Kuendesha Nmap, programu ya kupekua vifaa vilivyo kwenye mtandao, kwenye mtandao wa chuo bila ruhusa ya maandishi ni kosa la nidhamu, na hali ya mwanafunzi wa kigeni hutegemea kubaki kwenye kozi. Ruta ya nyumbani nayo usiichomeke bwenini kwa mlango wa LAN: itaanza kugawa anwani zake kwa majirani, nusu ya ghorofa itakosa mtandao, na mafundi wa chuo watafunga mlango wako wa ukutani.